Nani abebe shilingi 300,000? Uchambuzi wa kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory

Kila panapozungumzwa haki ya mwanamke juu ya ardhi Tanzania, kesi hii haikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa makosa. Husemwa kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu iliwapa mabinti haki ya kurithi ardhi ya ukoo, mambo yakaisha. Jaji mwenyewe alitumia maneno mapana kiasi kwamba si ajabu watu wakaelewa hivyo. Lakini swali lililofikishwa mbele yake lilikuwa finyu zaidi: mwanamke ambaye ardhi ya ukoo tayari iko mikononi mwake kwa wosia wa baba yake, akiiuza kwa mtu asiye wa ukoo, je, mauzo hayo ni batili tangu mwanzo, au yanasimama mpaka mwanaukoo ajitokeze na fedha kuikomboa? Kila jambo zuri lililotokana na kesi hii, na kila pengo lililobaki nyuma yake, chanzo chake ni swali hilo.

Kisa chenyewe

Bi Holaria Pastory alikuwa mkazi wa wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Uhalali wa wosia huo ulikuwa msingi wa kila kilichofuata, ingawa waandishi wengi huutaja kwa nusu sentensi. Alipozeeka, nguvu zikampungukia na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akamuuzia shamba hilo Gervazi Kaizilege kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo wao.

Kesho yake, tarehe 25 Agosti, Bernardo Ephrahim, mwanaume wa ukoo huo, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Aliomba itamkwe kwamba mauzo ni batili, kwa sababu kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Siku moja tu imepita tangu mauzo! Na tazama alichoomba: hakuomba kuikomboa ardhi. Aliomba mauzo yafutwe.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Ikatangaza mauzo ni batili na kumwamuru Bi Holaria arudishe shilingi 300,000 kwa mnunuzi.

Ukiipima amri hiyo kwa hesabu ya kawaida, utaona inamwangukia nani. Ukoo unabaki na ardhi bila kutoa hata senti. Mnunuzi anarudishiwa chake. Mzee aliyeuza kwa sababu hana wa kumtunza ndiye anayebaki na deni la shilingi 300,000, na shamba ambalo hawezi kulilima wala kuliuza. Kama alikwisha kutumia sehemu ya fedha hizo kwa chakula au matibabu, alibaki mdaiwa mahakamani.

Sheria ilivyokuwa imeandikwa

Kanuni za aina mbili zilihusika. Ya kwanza ni zile zilizotungwa mwaka 1944 na Mamlaka ya Wenyeji ya Bukoba kuhusu urithi wa mashamba unaofanywa na wanawake. Kwa kanuni hizo, binti aliyerithi ardhi hupata haki ya kuitumia kwa muda wa uhai wake, wala hana mamlaka ya kuiuza. Ya pili, iliyokuja baada ya Uhuru, ni Sheria za Urithi katika Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuziweka katika maandishi. Kanuni ya 20 ya tangazo hilo inasema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo watapata matumizi yake tu bila haki ya kuiuza. Pakiwa hakuna mwanaume yeyote katika ukoo, ndipo mwanamke anaweza kuirithi na kuimiliki moja kwa moja.

Hayo yalihusu urithi. Mwanamke aliyenunua kibanja kwa pesa zake mwenyewe hakuguswa na kanuni hizo, na hili linafaa kukumbukwa kwa sababu hoja ya kwamba mila ya Wahaya haimtambui kabisa mwanamke kama mwenye ardhi husikika mara nyingi. Mila ilimzuia mahali maalumu: pale ardhi inapotoka kwa baba na kuelekea, kwa ndoa au kwa mauzo, kwenye ukoo mwingine. Binti akiolewa, watoto wake ni wa ukoo wa mumewe. Ndiyo hofu iliyokuwa nyuma ya kanuni hizo, na haikuwa hofu ya kubuni. Swali ni kwa nini dawa yake ilimwangukia mwanamke peke yake.

Maana mwanaume naye hakuwa huru kabisa. Kwa mila hiyohiyo, mwanaume anayeuza ardhi ya ukoo anatakiwa kupata idhini ya wanaukoo. Akiuza bila idhini, mauzo hayafutwi. Mwanaukoo mwingine anaweza kuikomboa ardhi kwa kumlipa mnunuzi bei aliyonunulia, na hapo ardhi inarudi ukoo na kuwa mali ya huyo aliyetoa fedha. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuitambua kanuni hii ya ukombozi mwaka 1981, katika kesi ya Deocras Lutabana dhidi ya Deus Kashaga.

Weka matokeo mawili kando kwa kando. Akiuza mwanaume bila idhini, muuzaji anabaki na fedha zake, na ukoo ukiitaka ardhi unalipa. Akiuza mwanamke, mauzo ni hewa, na ukoo unaipata ardhi bure kwa gharama ya muuzaji. Lengo la mila ni moja katika hali zote mbili, yaani kulinda ardhi isitoke nje ya ukoo, na njia ya ukombozi inalifikia lengo hilo kikamilifu. Kwa hiyo kanuni ya ubatili haikuongeza ulinzi wowote kwa ardhi. Ilihamisha gharama tu, kutoka mfuko wa ukoo kwenda mfuko wa mwanamke. Hoja hii ndiyo iliyoipa kesi nguvu, kwa sababu haikumlazimu jaji kuvunja mila ya ardhi ya ukoo ili kumtendea haki Bi Holaria. Ilitosha kumpa kile ambacho kaka yake angepewa.

Majaji waliotangulia

Mabinti wa Kagera walikuwa wamekwisha kugonga mlango huo. Mwaka 1968, katika kesi ya Verdiana Kyabuje dhidi ya Gregory Kyabuje, Mahakama Kuu ilikataa kubadili mila hata kama jaji alikuwa na huruma na hoja za wadai. Msimamo ulikuwa kwamba mila ni sheria ya wahusika na si kazi ya mahakama kuigeuza. Wenye mila wakitaka iende na wakati, wataibadili wenyewe. Mwaka huohuo, kwa upande wa kaskazini, Jaji Saidi alichukua mwelekeo tofauti katika kesi ya Ndewawosia binti Ndeamtzo na kuona kwamba wakati wa kuwabagua watoto wa kike umepitwa. Majaji hao wawili wa mahakama moja walikuwa wakitumia hisia za haki bila kuwa na kifungu cha kushika, kwa kuwa Katiba ya wakati ule haikuwa na sura ya haki za binadamu inayoweza kudaiwa mahakamani.

Kifungu hicho kilikuja kwa Sheria Namba 15 ya 1984, iliyoingiza haki na wajibu muhimu katika Katiba ya 1977. Sheria Namba 16 ya mwaka huo ikaahirisha nguvu yake: kwa miaka mitatu, mpaka Machi 1988, mahakama hazingeweza kuifuta sheria yoyote kwa kukiuka haki hizo. Bi Holaria aliuza Agosti 1988, miezi mitano baada ya kizuizi kuondoka. Angeuza mwaka mmoja kabla, kesi ingeweza kuishia palepale ilipoishia ile ya 1968.

Hakimu wa Muleba

Sifa nyingi humwendea jaji, lakini hatua ya kwanza ilipigwa na Mahakama ya Wilaya ya Muleba. Bi Holaria alikata rufaa huko, na hakimu akaifuta hukumu ya Kashasha kwa kutegemea ibara ya 13(4) ya Katiba inayokataza ubaguzi. Kwa hakimu wa wilaya, mwaka 1988 au muda mfupi baadaye, hiyo ilikuwa kazi ya kijasiri. Sheria za haki za binadamu zilikuwa changa, hukumu za kuigwa zilikuwa chache, na mbele yake kulikuwa na mfululizo wa uamuzi wa Mahakama Kuu uliosema mila isiguswe.

Bernardo akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza. Ikaandikishwa kama rufaa ya madai yenye asili ya Mahakama ya Mwanzo, namba 70 ya 1989, na ikaangukia mezani kwa Jaji James Mwalusanya. (Ni jaji huyuhuyu aliyeitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, uamuzi uliogeuzwa na Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Woga wa Katiba haukuwa tabia yake.) Hukumu ilitolewa tarehe 22 Februari 1990.

Jaji alivyojenga hoja

Kikwazo cha kwanza kilikuwa katika Katiba yenyewe. Ibara ya 13(5), inayoeleza maana ya kubagua, ilitaja utaifa, kabila, pahala mtu alipotoka, maoni ya siasa, rangi, dini na hali ya maisha. Neno jinsia halikuwamo. Liliongezwa katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Wakili makini wa upande wa pili angeweza kusema kwamba Katiba haikatazi ubaguzi wa aina hii.

Jaji alipita kwa njia ya ibara ya 9(f), inayoitaka nchi ifuate Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la 1948, ambalo linataja jinsia waziwazi. Kisha akaongeza mikataba ambayo Tanzania ilikwisha kuiridhia: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ule wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985. Mikataba hiyo haikuwa imetungiwa sheria ya ndani. Aliitumia kufasiria Katiba, hakuitumia kama sheria inayojitegemea. Kwa anayeandaa hoja leo tofauti hiyo ni kubwa: anayeingia mahakamani akidai amri kwa kutegemea mkataba peke yake atakumbana na pingamizi kwamba mkataba haujawa sheria ya nchi, ilhali anayeutumia kueleza maana ya ibara fulani ya Katiba ana mahali pa kusimama.

Baada ya kukuta ubaguzi, alikuwa na njia mbili. Angeweza kutangaza kwamba kanuni ya 20 ni batili. Au angeweza kutumia kifungu cha 5(1) cha Sheria Namba 16 ya 1984, kinachosema sheria zilizokuwapo zisomwe pamoja na marekebisho yoyote yanayohitajika ili zilingane na haki mpya. Alichagua njia ya pili. Kuanzia hapo kanuni ya 20 ilisomwa kana kwamba imerekebishwa, ili wanaume na wanawake wawe na haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale.

Hivyo mauzo ya tarehe 24 Agosti 1988 yakawa halali. Ukoo haukunyang'anywa kila kitu: mwanaukoo alibaki na haki ya kuikomboa ardhi kwa kumlipa mnunuzi shilingi 300,000, kama ambavyo ingekuwa muuzaji ni mwanaume. Mwishoni jaji alisema kwamba wanawake nchini sasa wanaweza kutembea vichwa juu, lakini akaonya kwamba bado kuna mengi ya kufanya katika maeneo mengine. Alishangaa pia kwamba aliyelibeba jambo hili ni mwanamke mzee wa kijijini, huku wasomi wa mjini wakiwa na kaulimbiu nyingi na matokeo machache. Ni kijembe kikali, na kwa maoni yetu hakikuwa cha haki kabisa. Kesi za Mahakama ya Mwanzo huanza vijijini kwa sababu ndiko ardhi iliko, na wakati ule mawakili hawakuruhusiwa hata kusimama katika mahakama hizo.

Kuna jambo moja la fedha ambalo hukumu haikulishughulikia. Bei ya ukombozi ilibaki ileile ya 1988. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi 300,000 za Februari 1990 zilinunua vitu vichache kuliko zile za Agosti 1988. Anayekomboa baada ya kesi ndefu analipa pungufu kwa thamani halisi, na hasara inabebwa na mnunuzi, ambaye amekaa miezi kumi na minane bila uhakika. Mnunuzi mwenye akili atalipunguza hilo kwenye bei tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, haki ya ukombozi bila kurekebisha bei huishusha thamani ya ardhi ya ukoo kwa kila anayeiuza, mwanamke au mwanaume.

Kilichobaki bila jibu

Rudi kwenye wosia. Bi Holaria hakuwa anadai fungu la urithi, alikuwa nalo. Maneno ya jaji kuhusu usawa katika kurithi yalizidi mahitaji ya shauri, na mahakama ya baadaye ikitaka inaweza kuyachukulia kama maoni ya pembeni yasiyoibana. Binti ambaye baba yake amekufa bila wosia anakutana na kanuni nyingine za tangazo lilelile, ambazo hazikuguswa. Kwa kanuni hizo, mrithi wa daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, yaani ya mke wa kwanza, naye hupata fungu kubwa kuliko wote. Daraja la pili ni wana wengine wa kiume. Mabinti wako daraja la tatu, na fungu lao ndilo dogo. Mjane, kwa kanuni ya 27, hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Pengo la pili limetokana na njia iliyochaguliwa. Kwa kuwa kanuni ilisomwa upya badala ya kufutwa, maandishi yake hayakubadilika. Anayefungua nakala ya Tangazo 436 anaikuta kanuni ya 20 kama ilivyochapwa 1963. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ambaye hana ripoti za hukumu kwenye rafu yake, lakini ana tangazo, atatumia tangazo. Zaidi ya hayo, hukumu ilikuwa ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu. Inazibana mahakama za chini. Haimbani jaji mwingine wa Mahakama Kuu.

Pengo la tatu lilifunguliwa na Bunge, na lilifunguliwa kwa namna ambayo haikuwasaidia wanawake wa vijijini. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya 1994 ilielekeza kwamba shauri la kupinga sheria kwa misingi ya Katiba lisikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu, na kwamba hoja ya namna hiyo ikizuka katika mahakama ya chini, hakimu aipeleke juu. Aliyoyafanya hakimu wa Muleba, yaani kuitumia ibara ya Katiba palepale katika rufaa ya kawaida, yakawa magumu kurudiwa.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2006. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga kanuni za urithi za tangazo hilohilo, baada ya ndugu wa waume zao kuwanyang'anya nyumba na mali. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi. Kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila yote zaidi ya 120 zingefuata mkondo huo, na ikasema mabadiliko yapitie halmashauri za wilaya. Kwa maneno mengine, hoja ya 1968 ilirudi ikiwa na Katiba mkononi. Rufaa yao ilikaa miaka minne na kutupwa Desemba 2010 kwa dosari ya kiutaratibu katika amri ya Mahakama Kuu iliyoambatanishwa, bila hoja yenyewe kusikilizwa. Wajane hao walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 kamati ikaona Tanzania imekiuka mkataba, ikataka walipwe fidia na kanuni zirekebishwe. Maoni ya kamati hayatekelezwi kama hukumu ya mahakama ya ndani. Hakuna dalali wa mahakama anayekwenda kukazia.

Katikati ya yote hayo ilikuja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 20(2) kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu. Wengi huona hapo ndipo kesi ya Bi Holaria ilipogeuzwa kuwa sheria ya Bunge. Kwa upande wa kumiliki na kuuza, ni kweli. Kwa upande wa mirathi isiyo na wosia, jambo halijanyooka hivyo, kwa kuwa Tangazo 436 halikufutwa, na mahakama za mirathi hutumia hilo kugawa mafungu wakati sheria ya ardhi ya vijiji inasimamia umiliki.

Shauri la namna hii likitokea leo

Jambo la kwanza ni kutenganisha njia mbili ambazo watu huzichanganya. Mgogoro wa nani mwenye ardhi au kama mauzo ni halali huenda vyombo vya ardhi: usuluhishi katika ngazi ya kijiji na kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mirathi, kwa maana ya kuteua msimamizi na kugawa mali ya marehemu, huenda Mahakama ya Mwanzo ikiwa sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu.

Kosa linalowaangusha wanawake wengi liko hapo katikati. Binti anafungua shauri Baraza la Wilaya akidai shamba la baba yake, miaka mingi baada ya kifo, bila mtu yeyote kuwa ameteuliwa msimamizi wa mirathi. Anayeweza kudai mali ya marehemu ni msimamizi. Shauri linaondolewa, muda unakwenda, na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Kwa hiyo uteuzi wa msimamizi hutangulia, hata kama ndugu wamegawana mashamba kwa maneno na kila mtu ameridhika.

Akiwa na wosia, aukague kabla ya kuutegemea. Kwa kanuni za mila za 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili ikiwa mwosia anajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wanne ikiwa hajui. Wosia ulioshuhudiwa na watoto wa mwosia na jirani mmoja tu huanguka kirahisi. Na ukianguka, binti anarudi daraja la tatu.

Pasipo wosia, swali la kuuliza mapema ni kama marehemu kweli aliishi kwa mila. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha yake na nia yake. Ikithibitika kwamba aliachana na mila, na si Mwislamu anayefuata sheria ya Kiislamu, mirathi huongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika Tanzania. Hiyo humpa mjane theluthi moja, na theluthi mbili hugawanywa sawa kwa watoto wote bila kujali jinsia. Shauri la namna hiyo halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Ushahidi wake ni wa vitu vya kawaida: ndoa ilifungwa wapi, marehemu aliishi wapi, alizikwa vipi, watoto aliwagawia nini akiwa hai.

Na kwa mwanamke aliye katika hali ya Bi Holaria hasa, mwenye ardhi mkononi na anayetaka kuuza, mkataba wa mauzo peke yake hautoshi tena. Ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na mnunuzi asiye mwanakijiji lazima awe na nia ya kuishi au kufanya kazi kijijini hapo. Halmashauri inatakiwa pia kupima kama mauzo yatamnyima mwanamke yeyote ardhi anayoitegemea. Kipimo hicho humlinda mke wa muuzaji mwanaume, na wakati mwingine hugeuzwa kuwa fimbo ya kumzuia mwanamke muuzaji kwa jina la kumlinda. Ashike muhtasari wa kikao kilichopitisha mauzo, wenye sahihi na muhuri, na nakala ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila iliyoandikwa jina lake. Wanaukoo waarifiwe kwa barua yenye tarehe na bei kabla fedha hazijapokewa, hata kama anajua watakataa. Mwenye nia ya kukomboa atakuwa amepewa nafasi, na asiyetoa fedha hatakuwa na la kusema kwamba shamba liliuzwa kwa siri.